Fomu inasema saa 20, timu inafanya zaidi: jukumu ni la nani?

Mwalimu,

Nakusalimu kutoka huku Marekani. Mimi ni kijana wa Nandi. Nilikuja kwa ufadhili wa mbio za nyika, nikamaliza shahada ya kwanza, na sasa nasomea uzamili katika chuo kingine nikiwa kocha msaidizi wa timu ya mbio. Kazi hiyo ndiyo inayonilipia karo na kodi ya chumba.

Miongoni mwa majukumu yangu ni kujaza fomu ya saa za mazoezi kila wiki. Unazijua kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huku: msimu ukianza mwanariadha asizidishe saa nne kwa siku wala saa 20 kwa wiki, na apate siku moja ya kupumzika. Sisi hatupumziki. Alfajiri kuna mbio ambazo kocha mkuu anaziita za hiari. Jimu ya mchana nayo ni ya hiari. Jumapili, ambayo kwenye fomu ni siku ya mapumziko, tunakwenda mbio ndefu nje ya mji. Asiyefika hasafiri na timu mashindano yanayofuata. Mimi ndiye ninayesimama barabarani na saa, nikiandika nani kaja na nani hakuja. Jumatatu najaza 20, wanariadha wanabonyeza sahihi kwenye simu zao, na fomu inakwenda ofisi ya kanuni.

Muhula huu msichana mmoja amepata ufa kwenye mfupa wa muundi, na daktari wa timu amesema ni mazoezi kupita kiasi. Nilimwendea kocha mkuu. Akanijibu bila kuinua macho kwamba kanuni ni kazi ya yule dada mwenye ofisi mwisho wa ukumbi, na kazi yangu mimi ni saa ya mkononi. Yule dada anasimamia timu zote za chuo. Akiona 20 kwenye fomu, anaamini 20.

La pili linaniuma zaidi. Kuna kijana wa kutoka nyumbani, niliyemleta mimi mwenyewe kwa kumpendekeza kwa kocha. Tajiri mmoja anayeishabikia timu anamlipia kodi ya nyumba, na wikendi anampa kibarua cha bustani na kumlipa pesa taslimu. Visa yake ni ya mwanafunzi. Nilipomuuliza alisema siku hizi wanariadha wa vyuo wanalipwa, kwa hiyo hakuna kosa. Kisha akaniomba ninyamaze: "Wewe ni kaka yangu." Mama yake hunipigia simu kunishukuru. Wadogo zake wanasoma kwa pesa hizo.

Nikisema, huenda kijana akarudishwa, na mimi nikapoteza nafasi. Nikinyamaza, naendelea kutia mkono kwenye uongo. Mwalimu, jukumu la nidhamu na kanuni katika timu kama hii ni la nani hasa? La kocha, la ofisi, au langu?

Msaidizi aliye ugenini


Kijana wangu,

Jumatatu ijayo usiandike 20. Andika saa zilizofanywa kweli, na Jumapili uiandike kuwa siku ya mazoezi. Nimeanzia hapa kwa sababu sehemu yako ya jukumu inapita mkononi mwako kila wiki, wala haihitaji ruhusa ya mtu. Mengine tutayapanga, lakini hilo halingoji mpango.

Sasa nikujibu ulivyouliza. Kwa mujibu wa NCAA, mwenye dhamana ya mwisho ni rais wa chuo. Watu husahau hilo kwa sababu rais haonekani uwanjani isipokuwa siku ya kombe. Chini yake yuko mkurugenzi wa michezo, kisha kocha mkuu. Huyu wa mwisho zamani alikuwa na mlango wa kutokea: akionyesha kwamba aliwafundisha wasaidizi wake kanuni na kuwafuatilia, angeweza kuondolewa lawama. Tangu Januari 2023 mlango huo umefungwa. Kosa la msaidizi linahesabiwa kuwa lake moja kwa moja, na juhudi zake zinatazamwa tu wakati wa kupima adhabu. Kwa hiyo aliyekuambia kwamba kanuni ni kazi ya dada wa mwisho wa ukumbi, ama hajasoma kanuni zinazomhusu, ama amezisoma na anakutegemea wewe usizisome. Dada kazi yake ni kufundisha, kukagua na kuripoti. Atakagua nini ikiwa alicholetewa ni uongo?

Na wewe? Unalipwa kidogo, bado ni mwanafunzi, kwenye picha ya timu unasimama pembeni. Lakini ni mtumishi wa idara ya michezo, na mtumishi anatakiwa kuripoti ukiukaji anaoujua na kusema kweli akihojiwa. Udogo wa cheo haukuondolei hilo.

Kuna kesi inayofanana na yako kiasi cha kutisha. Mwaka 2009 gazeti la Detroit Free Press liliandika kwamba timu ya kandanda ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Michigan ilikuwa ikipitisha saa zilizoruhusiwa. Uchunguzi ukafanyika, na Novemba 2010 NCAA ikakiweka chuo chini ya uangalizi wa miaka mitatu. Kati ya mambo yaliyoonekana ni kwamba fomu za saa hazikuwa zikifika inavyotakiwa, na ofisi ya kanuni haikufuatilia kwa nguvu. Kocha mkuu Rich Rodriguez alilaumiwa kwa kutosimamia, lakini alibaki kazini hadi Januari 2011, alipofutwa baada ya msimu mwingine usioridhisha. Unajua nani aliyefutwa mapema kuliko yeye? Msaidizi mmoja wa ngazi yako, mwanafunzi wa uzamili, aliyewapa wachunguzi maelezo yasiyo ya kweli. Soma hukumu hiyo ukipata nafasi. Katika mambo haya mdogo ndiye wa kwanza kutupwa nje, na mara nyingi anatupwa kwa kuficha kuliko kwa kosa lenyewe.

Tuje kwenye neno "hiari", maana kocha wako amelifanya kichaka. Kanuni zimelifafanua. Zoezi ni la hiari pale mwanariadha mwenyewe anapoliomba, mahudhurio hayaandikwi kwa ajili ya makocha, hakuna anayetakiwa kutoa ripoti ya kilichofanyika, na asiyefika haadhibiwi wala aliyefika hazawadiwi. Wewe unasimama barabarani na daftari. Asiyefika anabaki nyumbani wenzake wakisafiri. Hapo hiari iko wapi?

Niongeze jambo ambalo ofisi za huko hazilijui na wewe unalijua. Watoto wetu ndio wanaoumizwa zaidi na hiari ya namna hii. Tangu Henry Rono alipovunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978 akiwa mwanafunzi wa chuo cha Washington State, vyuo vya Marekani vimeijua vizuri njia ya Bonde la Ufa. Wanachopata huku ni mapafu na miguu, lakini wanapata pia mtoto aliyelelewa katika shule ambayo neno la mwalimu halijibiwi. Mmarekani akichoshwa atamwambia baba yake, na baba atapiga simu kwa mkurugenzi wa michezo. Wetu atasema "ndiyo, kocha", ataamka saa kumi na moja alfajiri na ufa mguuni. Kocha anaiita nidhamu. Mimi nimefundisha watoto kukimbia miaka mingi na siiti hivyo. Ni woga wa kurudishwa nyumbani, na yeye anajua. Nidhamu ya timu huanza kwa mkubwa kuzitii kanuni zinazombana yeye, kabla ya kuwadai vijana kuwahi alfajiri.

Unasema ulimwendea kocha mkuu. Ulifanya vyema, lakini usidhani umemaliza. Katika kashfa ya chuo cha Penn State, ambayo kwa uzito haifanani na yako hata kidogo kwa kuwa ilihusu watoto kudhulumiwa kingono, msaidizi mmoja aliona jambo mwaka 2001. Akamwambia kocha mkuu, kocha akawaambia wakubwa wake, na habari ikalala huko hadi 2011. Kila mmoja alikuwa amekwisha kumwambia mwenzake. Mwaka 2017 viongozi watatu, akiwemo aliyekuwa rais wa chuo, walitiwa hatiani, wawili kwa kukiri na mmoja kwa uamuzi wa baraza la wazee wa mahakama. Wewe umemwambia mtu ambaye ndiye chanzo cha tatizo. Hapo hujaripoti, umelalamika tu.

Na sahihi usiichezee. Jim Tressel, kocha mkuu wa kandanda ya Kimarekani katika chuo cha Ohio State, aliandikiwa Aprili 2010 kwamba wachezaji wake walikuwa wakibadilisha vitu vyao vya timu kwa pesa na michoro ya mwilini. Ukiitazama tu, ni aibu ndogo. Lakini hakumwambia mtu wa kanuni, na Septemba mwaka huohuo akatia sahihi fomu ya chuo kwamba hajui ukiukaji wowote ambao haujaripotiwa. Mei 2011 alijiuzulu, na ushindi wa msimu mzima wa 2010 ukafutwa. Michoro ingeisha kwa vijana kukosa mechi kadhaa. Fomu ndiyo iliyomwondoa.

Labda unaogopa kwamba ukisema, timu itafungwa. Watu wa huko hupenda kutishana kwa kisa cha SMU, chuo cha Dallas ambacho msimu wake wa 1987 wa kandanda ya Kimarekani ulifutwa. Ukikisoma vizuri utaona kimekaa upande mwingine. Chuo kilikuwa tayari chini ya adhabu kwa matajiri kuwalipa wachezaji kisirisiri, na wakubwa wakaamua malipo yaendelee hadi vijana walioahidiwa wamalize. Bill Clements, aliyekuwa mwenyekiti wa bodi ya chuo na kisha gavana wa Texas, alikiri mwenyewe kwamba aliujua uamuzi huo. Hilo ndilo lililofunga timu. Kuzidisha saa kwa timu ya mbio, kukiripotiwa na chuo chenyewe mapema, mara nyingi huisha kwa kukatiwa saa za mazoezi na barua ya onyo. Vyuo hujiripoti makosa madogo kila mwaka na hakuna gazeti linaloandika.

Sasa huyo kijana. Hapa nakuomba usichanganye sheria mbili, kwa sababu yeye amezichanganya na zitamgharimu.

Ni kweli tangu Julai 2021 wanariadha wa vyuo wanaruhusiwa kupata pesa kwa jina na sura zao. Ni kweli pia kwamba Juni 2025 mahakama iliidhinisha maafikiano ya kesi ya House, ambayo wanariadha waliishtaki NCAA, yanayoruhusu chuo kimoja kuwagawia wanariadha wake hadi dola milioni 20.5 katika mwaka wa kwanza. Kijana ameyasikia haya, akahitimisha kwamba pesa yoyote ni halali. Lakini anachopewa hakina mkataba wala tangazo. Ni shabiki anayemlipia nyumba mwanariadha kwa sababu anakimbia, na hilo bado ni kosa. Zaidi ya hapo, visa ya mwanafunzi, yaani F-1, haikubadilishwa na kesi hiyo. Mwenye visa hiyo hafanyi kazi nje ya chuo bila kibali, hata kibarua cha kukata nyasi, hata kikilipwa taslimu kwa siri. NCAA inaweza kumsimamisha kwa mashindano machache. Uhamiaji unaweza kumtoa nchini.

Kwa hiyo mpangilio wake ni huu. Aache kibarua leo, asingoje mwisho wa mwezi. Kisha aonane na wakili wa uhamiaji kabla ya kwenda popote, hata kabla ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Maofisa wa ofisi hiyo ni watu wema, lakini wana wajibu wa kuingiza taarifa za ukiukaji wa visa kwenye mfumo wa serikali. Wakili hana wajibu huo. Vyuo vingi vina huduma ya sheria kwa wanafunzi kwa bei ndogo au bure, na akikosa hapo, chama cha mawakili cha jimbo kitamwelekeza. Akishapata ushauri, aende mwenyewe kwa afisa wa kanuni juu ya ile kodi ya nyumba. Mwanariadha aliyejileta anasikilizwa tofauti na aliyekamatwa.

Wewe mwambie waziwazi, ana kwa ana, kwamba huwezi kulificha na kwamba unampa nafasi ya kutangulia kwa siku chache, si kwa muhula mzima. Atakasirika. Atakukumbusha ukaka. Mjibu kwamba kaka hamwachi mdogo wake abaki mikononi mwa tajiri ambaye siku mambo yakichafuka atasema hamjui. Wala usimtumie kijana kama ngao kwenye ripoti yako ya saa. Ni mambo mawili, yanakwenda kwa njia mbili.

Kabla hujaenda kokote, jihesabu na wewe. Uko hapo kwa visa gani? Ikiwa ni F-1, basi kazi yako ya chuoni wakati wa muhula isizidi saa 20 kwa wiki. Jumlisha alfajiri, jimu, mazoezi ya jioni, Jumapili na safari za mashindano. Nina wasiwasi kwamba kocha mkuu amezipitisha saa zako kama alivyozipitisha za wanariadha, na hakuna fomu inayoonyesha. Huyo wakili ninayemtajia kijana, na wewe umhitaji. Nenda peke yako, si pamoja naye.

Kuhusu kuripoti, fanya kwa maandishi. Mwandikie afisa wa kanuni barua pepe fupi: tarehe, shughuli, muda, nani aliamuru, na kwamba fomu zilizopita ulizijaza si sahihi kwa maagizo uliyopewa. Usiandike hasira, usiandike habari za tabia za kocha. Mtaje daktari wa timu kama mtu wa kuulizwa, lakini usibebe wala kunakili rekodi za afya za yule msichana, maana hizo zina sheria yake. Usimrekodi mtu kwa simu kisirisiri. Majimbo mengine yanaliona hilo kuwa kosa la jinai, na utajikuta wewe ndiye mshitakiwa. Weka nakala ya barua yako mahali pasipo kwenye akaunti ya chuo.

Ukiona kimya, nenda kwa mwakilishi wa wahadhiri katika michezo. Kila chuo cha NCAA kinaye: ni profesa asiyelipwa na ushindi wa timu, na wanariadha wengi humaliza miaka minne bila kumjua. Mimi ningempendelea yeye hata kabla ya mkurugenzi wa michezo, kwa sababu mkurugenzi ndiye aliyemwajiri kocha wako. Baada yake iko laini ya simu ya siri ya chuo, kisha ligi ya vyuo mnayoshiriki, kisha ofisi ya uchunguzi ya NCAA yenyewe kule Indianapolis. Mara nyingi mambo hayafiki huko.

Mama wa kijana usimweleze kanuni, hazitamsaidia. Mwambie pesa zitapungua kwa muda, kijana ni mzima, na anasoma. Mengine mwachie mwanawe ayaseme.

Lililobaki ni mkate wako. Huenda kocha akakuondoa, sitakudanganya. Kwa hiyo kabla ya kutuma ile barua pepe, onana na msimamizi wako wa masomo na ofisi ya wanafunzi wa uzamili, uulize kuna kazi gani nyingine za ufundishaji au utafiti zinazolipia karo, na kama chuo kina kanuni ya kumlinda mtumishi aliyeripoti kosa. Vingi vinayo, na ukiitaja kwenye mstari wa mwisho wa barua yako, atakayeisoma atafikiri mara mbili kabla ya kukugusa. Nitumie rasimu ukipenda, niipitie kabla haijaondoka.